Uamsho Ulioanzia kwa Waliobatizwa

Mwezi wa Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda. Kanisa la Anglikana nchini Uganda lilikuwa limekwisha kupata heshima. Machifu walikuwa wamebatizwa, na Jumapili watu walipendeza. Lakini wawili hao waliona njaa nyuma ya hayo yote, wakasoma Biblia na kuomba pamoja.

Moto uliwaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni na shule ya wainjilisti aliyofundisha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Tazameni ulianzia kwa nani: si kwa wapagani wala walevi, bali kwa wahudumu wa hospitali, walimu na wahubiri. Watu waliozoea kuwaongoza wengine katika sala waliungama wizi, uzinzi na chuki, wakarudisha mali za watu. Blasio alifariki Januari 1936, akiwa ameliachia Kanisa neno moja: Zukuka, yaani amka.

Wengine waliliona neno hilo kuwa tusi, nami siwashangai. Nani apendaye kuambiwa amelala naye yumo kanisani? Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa.

Lakini moyo ni mjanja. Miaka ilipopita, miongoni mwa ndugu hao hao wa uamsho wapo walioanza kumpima mwenzao kwa mavazi yake na kwa deni alilo nalo. Hata toba ya hadharani ikapata maneno yake ya mazoea, na mtu aliweza kuyasema yote, moyo ukiwa umefungwa.