Jasho la Hiari na Jasho la Amri: Somo kutoka Milima ya Kigoma

Barabara itokayo Kigoma mjini kwenda Manyovu kupitia Mwandiga na Kalinzi hupanda katika nchi yenye historia ndefu ya jasho. Jasho hilo lilikuwa la nani, na kwa faida ya nani?

Enzi ya Mwingereza, aliyeshindwa kulipa kodi ya kibanda au ya kichwa aliweza kulazimishwa kuilipa kwa nguvu zake. Waha wengi walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ili waipate kodi hiyo. Uhuru ulileta neno jipya, kujitolea. Lakini mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikarudisha amri. Watu walikusanywa vijijini, na mahitaji ya kuni na mashamba yakakusanyika nao. Milima inayolitazama Ziwa Tanganyika ikazidi kuvuliwa nguo.

Mradi wa TACARE ulipoanza mwaka 1994 kuzunguka Gombe, wanakijiji walipoulizwa haja zao walitaja afya, maji na shule kabla ya miti. Kusikilizwa huko ndiko kulikofungua mlango. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zikavipa vijiji uwezo wa kutenga misitu yao wenyewe. Leo walinzi wa misitu waliotoka vijijini hukagua njia za milimani wakiwa na simu za kurekodia uharibifu, na visiki vilivyoachwa bila kuchomwa moto vimechipua tena.

Vipi kuhusu wafungwa? Gereza la Kwitanga linajulikana kwa michikichi yake, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mkosaji wa kosa dogo kuutumikia umma badala ya kufungwa. Sipingi mikono hiyo kupanda miti. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa nguvu kazi ya bure inayomsahaulisha mtumishi wa umma wajibu wake. Mkosaji atoke na ujuzi wa kitalu; mlinzi wa kijiji naye apewe viatu, posho na sehemu ya mapato ya msitu.

Historia yetu inaonyesha kwamba amri huweza kuchimba shimo na kupanda mche. Kuulinda mche huo kwa miaka ishirini ni kazi ya mtu anayejua kwamba kivuli chake ni mali yake.