Nyota inayolipuka na kurudia, na mhamiaji aliyeikuta kwenye kioo

Leo tunaongelea RS Ophiuchi, nyota iliyoko kwenye kundinyota la Hawaa, yule mshika nyoka. Kwa kawaida huioni bila darubini. Lakini ikilipuka, kwa siku chache hata macho matupu yanaiona.

Kumbe siyo moja, ni mbili. Moja ni jitu jekundu, nyota iliyozeeka na kufura. Nyingine ni kibete cheupe: ukubwa wake kama dunia yetu, ila uzito wake unazidi wa Jua. Kibete kinamnyonya mwenzake gesi pole pole, miaka nenda rudi. Gesi ikirundikana na kubanwa sana, inawaka kwa mpigo na kutupwa nje kwa kasi inayozidi kilomita 3,000 kwa sekunde. Yaani sekunde moja tu umetoka Kigoma mpaka Dar na kurudi, na chenji inabaki.

Mlipuko wa kwanza kujulikana ulitokea 1898, na wakati ule hakuna aliyeugundua. Ulinaswa kwenye vioo vya picha vya Harvard, Marekani, vikawekwa tu. Aliyeukuta humo, miaka kadhaa baadaye, ni Williamina Fleming. Mama huyu alizaliwa Dundee, Scotland, akahamia Boston 1878 na mumewe. Mume akamwacha na mimba. Akapata kazi za ndani nyumbani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard, na 1881 Pickering akamwajiri kituoni. Alichambua mwanga wa nyota zaidi ya 10,000. Na pesa? Mwaka 1900 aliandika kwenye shajara yake kwamba analipwa dola 1,500 kwa mwaka, wakati wasaidizi wengine wanapata 2,500. Sisi tunaolipwa posho ya mkimbizi kwa kazi ileile ya mwenyeji, hesabu hiyo hatuhitaji mkalimani.

Mwaka 1933 nyota ikalipuka tena, akaiona Eppe Loreta, mpenzi wa nyota wa Bologna, Italia. Hapo ndo vile vioo vya zamani vikawa na maana: kumbe inarudia! Ikaja 1958, 1967, 1985, 2006.

Sasa, mlipuko huu hautoki kwenda kwenye utupu. Lile jitu linapuliza upepo wake wa gesi, umejaa pande zote. Kinachotoka kwa kasi kinaugonga, kinapungua mwendo ndani ya siku chache, na gesi inapata joto la mamilioni ya digrii.

Ilipolipuka Agosti 2021, darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia, Afrika hii hii yetu, ziligeuzwa huko mara moja. Zikanasa miali ya gama yenye nguvu ambayo mlipuko wa aina hii haukuwahi kuonekana nayo. Chembe zilikuwa zinasukumwa pale pale upepo unapogongwa, na miali iliendelea kuonekana kwa karibu mwezi mzima.