Uhuru wa mzazi kuchagua shule: Malalamiko, sheria na hoja

SHERIA ya Kenya inamlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni, na anayekaidi anatenda kosa. Hata hivyo, mzazi asiye na fedha hana usemi mkubwa kuhusu shule atakakosomea mtoto huyo. Aliye na uwezo akichukizwa na shule ya umma iliyo jirani humhamisha mwanawe. Asiye na uwezo hubaki pale pale akilalamika, mwaka hata mwaka.

Pengo hilo kati ya wajibu na uwezo ndilo kiini cha mjadala unaojulikana kama uhuru wa kuchagua shule. Wanaouunga mkono wanasema fedha za serikali zinafaa kumfuata mwanafunzi popote mzazi wake atakapoamua asomee, badala ya kutumwa kwa shule bila kujali jinsi inavyofunza. Wanaoupinga wanahofia kwamba mpango huo utazidhoofisha shule za umma na kuwaacha nyuma watoto wa maskini. Ili kuzipima hoja hizo, yafaa kwanza kuelewa malalamiko yenyewe yalikotoka.

Elimu ya bure na ahadi zake

Ahadi ya elimu bila malipo si mpya nchini. Mwaka 1974 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza ya shule ya msingi. Mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku michango ya ujenzi na kuanzisha mpango wa maziwa ya shule. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini sera ya kugawana gharama ilikuwa imemrudishia mzazi mzigo wa vitabu, madawati na majengo.

Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilifuta tena karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa zaidi ya milioni moja katika mwaka mmoja, kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Mwaka 2008 ukafuata mpango wa sekondari za kutwa bila karo, uliotengewa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi, kiasi ambacho baadaye kilipandishwa hadi Sh22,244.

Hakuna anayeweza kupuuza mafanikio hayo. Watoto waliokuwa wakichunga mifugo, kuuza njugu na kulea wadogo zao waliingia darasani. Hata mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004. Tatizo ni kwamba milango ilifunguliwa kabla ya walimu na madarasa ya kutosha kupatikana.

Wanacholalamikia wazazi

Lalamiko la kwanza ni msongamano. Katika mitaa ya mijini, baadhi ya madarasa yalijaa wanafunzi zaidi ya 80 chini ya mwalimu mmoja baada ya mwaka 2003. Mwalimu wa aina hiyo hawezi kusahihisha madaftari yote, sembuse kumtambua mtoto asiyejua kusoma.

La pili ni mafunzo yenyewe. Tathmini za shirika la Uwezo, zilizoanza kuchapishwa nchini mwanzoni mwa mwongo wa 2010, zilionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kila 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka 2013 nao ulibainisha kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alikuwa akifunzwa kwa takriban saa 2 na dakika 19 tu kwa siku. Mwenzake wa shule ya kibinafsi alifunzwa kwa zaidi ya saa moja kuliko yeye. Mara nyingi mwalimu alikuwa ndani ya ua wa shule, lakini nje ya darasa.

La tatu ni gharama zilizofichwa. Shule inaitwa ya bure, lakini mzazi huitishwa pesa za mitihani ya majaribio, za mlinzi, za mwalimu aliyeajiriwa na wazazi na za masomo ya ziada. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza masomo ya ziada nyakati za likizo, lakini biashara hiyo haijakoma. Upande wa walimu wakuu una utetezi wake: mgao wa serikali huchelewa, na mara nyingine hauji wote. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu Sh22,244 zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari.

La nne, na pengine lenye uchungu zaidi, ni kutosikilizwa. Mwalimu wa shule ya umma huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Mzazi anaweza kulalamika katika mkutano wa chama cha wazazi, lakini mshahara wa mwalimu hautegemei kama mzazi huyo ameridhika au la.

Waliopiga kura kwa miguu

Wazazi wengi hawakungoja wizara itatue matatizo hayo. Mwaka 2003, mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walihesabu shule 76 za kibinafsi katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ambazo nyingi zilikuwa za mabati na udongo. Zilitoza karo ndogo watu wanaoishi kwa vibarua, ilhali shule za umma zisizo na karo zilikuwa zikipatikana kandokando ya mtaa huo.

Utafiti wa baadaye wa wanauchumi wakiwemo Wakenya Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu ulipata kwamba, baada ya karo kufutwa, idadi ya wanaojiunga na shule za kibinafsi ilipanda kwa kasi. Wazazi waliokuwa na chochote mfukoni waliondoka. Waliobaki ni wale wasio na chochote, na pamoja na wenzao walioondoka ilipotea sauti ya wale waliojua kudai haki katika mikutano ya shule.

Uhamaji huo ulizua mvutano wa kisiasa. Katika uteuzi wa kidato cha kwanza wa mwaka 2011, Wizara ya Elimu iligawa nafasi za shule za kitaifa kwa kuzingatia idadi ya watahiniwa wa shule za umma na za kibinafsi. Wazazi wa shule za kibinafsi waliteta kwamba watoto wao waliadhibiwa kwa kufaulu. Suala hilo lilifikishwa katika Mahakama Kuu, ambayo ilikataa ombi lao, ikieleza kwamba serikali ina haki ya kuwainua waliotengwa.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, Ibara ya 26, linasema wazazi ndio wenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, unaziagiza serikali kuheshimu uamuzi wa mzazi anayetaka shule isiyo ya serikali, mradi shule hiyo itimize viwango vilivyowekwa.

Hata hivyo, haki ya kuchagua haimaanishi kwamba serikali inalazimika kulipia kilichochaguliwa. Mkataba unamzuia mtawala kumfungia mzazi mlango, lakini haumwagizi ampe nauli ya kufika mlangoni. Hapo ndipo hoja ya vocha za elimu inapoingia.

Vocha zilikojaribiwa

Mwanauchumi Mmarekani Milton Friedman ndiye aliyeieneza hoja hiyo katika makala ya mwaka 1955. Alipendekeza serikali iendelee kugharamia elimu lakini isiwe lazima iendeshe shule zenyewe. Mzazi angepewa vocha yenye thamani fulani, naye aipeleke katika shule aipendayo. Mji wa Milwaukee nchini Marekani ulianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1990 kwa familia za kipato cha chini. Sweden ikafuata mwaka 1992.

Nchini Colombia, mpango ulioanza mwaka 1991 uliwapa zaidi ya watoto 125,000 wa familia maskini vocha za kulipia sehemu ya karo ya sekondari za kibinafsi. Kwa vile walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, katika miji mingi bahati nasibu ilitumika. Watafiti waliofuatilia washindi walipata kwamba, baada ya miaka mitatu, uwezekano wao wa kuwa wamekamilisha darasa la nane ulikuwa takriban asilimia 10 zaidi ya wale waliokosa vocha.

Chile ni funzo tofauti. Ilianza vocha kwa taifa zima mwaka 1981, ikiwaruhusu wenye shule kuchuja wanafunzi, na baadaye hata kutoza nyongeza ya karo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 haukupata ushahidi kwamba wastani wa matokeo ulipanda. Kilichodhihirika ni kwamba wanafunzi bora walihamia shule za kibinafsi, huku wengine wakiachwa katika shule za serikali za mitaa. Mwaka 2015, Chile ilitunga sheria ya kuondoa hatua kwa hatua uchujaji, nyongeza ya karo na faida katika shule zinazopokea fedha za umma.

Karibu na nyumbani, Uganda ilipoanzisha sekondari kwa wote mwaka 2007 ilishirikiana na shule za kibinafsi, ikizilipa Sh47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Mpango huo uliwafaa watoto wa maeneo yasiyokuwa na sekondari ya serikali. Hata hivyo, usimamizi wake ulilalamikiwa, na kuanzia mwaka 2018 serikali ikaanza kuusitisha.

Hoja na mipaka yake

Hoja kuu ya kuunga mkono uhuru huu ni ya haki. Uhuru wa kuchagua tayari upo nchini Kenya, ila unauzwa. Waziri, mbunge, hata mwalimu wa shule ya umma, wana nafasi ya kuwapeleka watoto wao wanakotaka. Kumwambia mama mboga kwamba mchagua jembe si mkulima ni kumtaka avumilie jambo ambalo anayemwambia hangevumilia.

Hoja ya pili ni ya uwajibikaji. Shule inayojua kwamba mwanafunzi anaweza kuondoka na mgao wake ina sababu ya kumsikiliza mzazi.

Hata hivyo, mipaka ni mingi. Katika sehemu za Turkana au Mandera, shule ya pili iko mbali mno, kama ipo. Mwaka 2020, TSC ilipowahamisha walimu wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki kwa sababu ya mashambulizi ya kigaidi, wazazi wa huko hawakuwa wakitafuta shule ya kuchagua, walitafuta mwalimu. Pili, si kila shule ya kibinafsi ni salama. Septemba 2019, jengo la shule moja ya aina hiyo jijini Nairobi liliporomoka na kuua wanafunzi. Tatu, uhuru bila habari ni bahati nasibu. Mzazi anayeona tu rangi ya sare na basi la shule hawezi kujua ni wapi mtoto atafunzwa vyema.

Mtihani mpya: Sekondari pevu

Mjadala huu umepata uhai mpya chini ya mtaala wa umilisi (CBC). Mwaka 2025, kundi la kwanza la Gredi ya Tisa lilichagua shule 12 za sekondari pevu pamoja na mkondo wa masomo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mfumo wa kompyuta wa wizara ndio uliowapangia nafasi. Matokeo yalipotangazwa Desemba, wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wao walipelekwa katika shule wasizochagua au za mbali, na wizara ikalazimika kupokea maombi ya kubadilishiwa shule kabla ya Gredi ya Kumi kuanza Januari 2026.

Funzo ni kwamba fomu ya kuchagua si uhuru wa kuchagua iwapo shule nzuri ni chache. Watoto wakigombea nafasi haba, hatimaye ni shule inayomchagua mwanafunzi, wala si mwanafunzi anayeichagua shule.

Kutokana na tajriba ya nchi nyingine, mambo manne yanahitajika ikiwa Kenya itaamua kufuata njia hii. Mgao wa fedha uwe mkubwa zaidi kwa mtoto maskini, shule zinazopokea fedha za umma zikatazwe kuchuja wanafunzi na kudai nyongeza, ukaguzi wa majengo na mafunzo uwe wa kweli, na matokeo ya kila shule yawekwe wazi kwa lugha anayoielewa mzazi. Bila hayo, vocha itakuwa ruzuku kwa wale ambao tayari wameondoka.

Kwa sasa mzazi ana silaha chache ila si mikono mitupu. Sheria ya Elimu ya Msingi inataka kila shule ya umma iwe na bodi ya usimamizi ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi, pamoja na chama cha wazazi. Vyombo hivyo ndivyo vinavyopaswa kuuliza mgao umetumikaje na mwalimu yuko wapi. Kwa mamilioni ya watoto ambao shule yao ya kwanza ndiyo pia ya pekee, maswali hayo hayawezi kungoja mjadala wa vocha ufike tamati.