Tofauti za mifereji ya mizizi ya meno

Mifereji ya mizizi ya meno hutofautiana kwa idadi, umbo na mwelekeo, baina ya mtu na mtu na hata baina ya meno ya kinywa kimoja. Ndani ya mifereji hiyo mna kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu. Kiini kikioza, daktari huisafisha mifereji na kuiziba. Ukisahauliwa hata mmoja, bakteria hubaki humo, usaha hurudi, na jino ambalo lingeokolewa huishia kung'olewa.

Uainishaji

Mapema karne ya 20, Walter Hess wa Zurich alijaza mpira ndani ya maelfu ya meno yaliyong'olewa na kuonyesha jinsi mifereji inavyogawanyika. Uainishaji unaotumika zaidi ni wa Vertucci, wa mwaka 1984, wenye aina nane: aina ya I ni mfereji mmoja tangu juu hadi nchani, aina ya II ni miwili inayoungana, aina ya IV ni miwili isiyokutana kabisa.

Gego la kwanza la juu

Hili ndilo jino linalowahangaisha madaktari kuliko yote. Kwa kawaida lina mizizi mitatu, na mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi huficha mfereji wa pili. Mapitio ya mwaka 2006, yaliyojumuisha meno zaidi ya 8,000, yaliukuta katika asilimia 56.8. Mdomo wake hufunikwa na ukingo mwembamba wa dentini. Daktari huukwangua taratibu, kisha hujaribu kupenyeza faili namba 10, ambayo ncha yake ina upana wa milimita 0.1 tu.

Picha ya kawaida ya eksirei hulalisha mzizi mmoja juu ya mwingine, na kivuli cha mfupa wa shavu huongeza utata. Kuhamisha pembe ya mwale husaidia kwa kiasi. Skani ya mwale wa koni, iliyoingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha jino kwa vipande vyembamba kutoka kila upande.

Afrika Mashariki

Utafiti muhimu ni wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2007 kwa magego ya juu na 2009 kwa ya chini. Hakukutumiwa skani: meno yaliyong'olewa yalitiwa wino, yakalainishwa kwa asidi, kisha yakafanywa angavu kama kioo hadi mifereji ikaonekana kwa macho. Mizizi mingi ya mbele ya gego la juu ilikuwa na mfereji mmoja tu, tofauti na wastani uliotajwa hapo juu.

Unguja

Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe, ndiyo hospitali kuu ya rufaa visiwani Zanzibar.

Jedwali la tofauti za mifereji kutoka taifa moja halitoshi kwa wagonjwa wa pwani hii ya Waswahili, wenye asili mchanganyiko. Utafiti wa DNA ya kale wa mwaka 2023, uliohusisha makaburi ya Kilwa, Songo Mnara, Mtwapa na Manda, ulionyesha damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zikichanganyika tangu karibu mwaka 1000. Asili hugusa hata idadi ya mizizi: gego la chini lenye mizizi mitatu, la kawaida Asia ya Mashariki, ni nadra Afrika.

Mifereji ya mgonjwa mwenyewe huonyeshwa vizuri na skani ya mwale wa koni; lakini kwa kuwa hutoa mionzi mingi kuliko picha ndogo ya eksirei, huagizwa pale tu picha hiyo isipotosha.