Kompyuta Zilizoacha Kuonana

Msomaji mpenzi, utakapohitimu masomo yako na kuajiriwa katika ofisi ndogo, yamkini siku moja utaikuta kazi imesimama. Tuseme ni ofisi ya chama cha ushirika yenye kompyuta nne. Daftari la wanachama limehifadhiwa katika moja, na tatu nyingine hulisoma kwa njia ya waya. Jana zote zilionana. Leo asubuhi kila moja imekuwa kisiwa. Karani anaapa kuwa hakugusa kitu, nawe usimdhanie uongo, kwa kuwa aghalabu husema kweli. Huenda asili ya mkasa huo ni kongwe kuliko karani mwenyewe, na kwa hiyo nimeona vyema kukupa habari zake za kale kabla ya kukupa dawa yake.

Mwaka 1983 Barry Feigenbaum, mtumishi wa kampuni ya IBM ya Marekani, alitunga kanuni ambazo kwazo kompyuta moja iliweza kuiomba nyingine faili na kuifungua kana kwamba imo katika diski yake yenyewe. Kanuni hizo ziliitwa SMB. Kompyuta za siku hizo zilikuwa chache, zimeungwa na waya ndani ya jengo moja, na waliozitumia walijuana kwa majina. Nani huweka bawabu mkali katika nyumba ya ndugu? Kazi ile ilijengwa juu ya kuaminiana, wala sioni haki ya kuwalaumu walioijenga, maana waya wao haukufika mbali.

Mwaka 1992 Microsoft ilitoa Windows for Workgroups, na ushirika wa faili ukaingia katika ofisi ndogo zisizo na fundi. Hapa pana jambo la kupendeza ambalo watu wengi hawalijui: kompyuta hizo zilipiga kura. Kila kundi lilichagua mmoja wao awe mtunza orodha, na wengine walijitangaza kwake, walipokwisha kutulia, kila dakika 12. Aliyekosa kujitangaza mara tatu alifutwa. Basi kompyuta iliyozimwa ghafla iliweza kuhesabiwa hai kwa muda wa dakika 36, na iliyowashwa sasa hivi iliweza kukosekana orodhani ilhali ni nzima. Mtunza orodha mwenyewe akizimwa, uchaguzi ulirudiwa. Makarani walidhani waya umekatika, kumbe serikali tu ndiyo iliyokuwa ikibadilika.

Wakati huohuo, huko Canberra, Australia, mwanafunzi Andrew Tridgell alikuwa akichungua mazungumzo yaliyopita katika waya mpaka akaweza kuandika programu yake mwenyewe ya kuyajibu. Jina lake la kwanza lilikuwa na mwenyewe; akapekua orodha ya maneno akitafuta lenye herufi s, m na b, akapata Samba. Programu hiyo ingali inatumika, na yaelekea imo ndani ya kisanduku cha kuhifadhia faili ambacho ofisi yako itakinunua.

Lakini waya ule wa jengo moja uliunganishwa na dunia nzima. Agosti 2003 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Blaster ulienea katika mashine za Windows pasipo mtu kufungua barua wala faili. Agosti 2004 Microsoft ilitoa nyongeza ya pili ya Windows XP, ambayo ndani yake ukuta wa moto, yaani programu ya kuzuia wageni, ulikuwa umewashwa tangu mwanzo. Baadhi ya ofisi zikaacha kuziona faili zao za pamoja. Haukuwa ubovu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa makusudi, na hakuna aliyekuwa amewaambia makarani.

Mlango mkubwa zaidi ulifungwa baadaye. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika SMB ya kwanza, ile ya kale. Mwezi uliofuata, silaha ya kupenyea tundu hilo, iliyoitwa EternalBlue, ilimwagwa hadharani. Ijumaa, Mei 12, mnyoo wa WannaCry ulipita katika tundu hilohilo, ukafunga faili za watu kwa kufuli la siri na kudai dola 300 kwa kila mashine. Katika Uingereza taasisi za afya zisizopungua 80, kati ya 236, zilivurugika, na maelfu ya wagonjwa walivunjiwa miadi. Kiraka kilikuwapo kwa karibu miezi miwili! Waliokitia walipona.

Oktoba mwaka huo likaja toleo la Windows 10 ambalo, likiwekwa upya, halikuwa tena na sehemu ya kuhudumia wenzake kwa SMB ya kwanza. Na katika mashine za nyumbani na za ofisi ndogo, sehemu ya kuomba ilijiondoa yenyewe isipotumika kwa siku 15. Ile orodha ya majirani, iliyotegemea kanuni hiyo ya kale, ikaondoka nayo. Ndiyo maana karani wetu hakugusa kitu.

Sasa njoo tuitazame ofisi yako. Usiuamini utupu wa orodha. Andika mwenyewe jina la kompyuta yenye daftari, likitanguliwa na mikwaju miwili iliyolala nyuma, hivi: \\. Likifunguka, kilichopotea ni orodha tu; washa huduma ya kujitangaza katika mashine ile, au hifadhi njia ya mkato na kuendelea na kazi. Likikataa, tumia namba yake ya mtandao mahali pa jina. Namba ikikubali, ila imo katika majina. Namba nayo ikikataa, tazama waya, kisha utazame kama Windows imeuhesabu mtandao wenu kuwa wa umma badala ya wa faragha, kwa sababu katika mtandao wa umma hukataza faili kushirikiwa. Ukiulizwa nenosiri, linalotakiwa ni la akaunti iliyomo katika mashine yenye faili, si la mashine uliyoketi mbele yake. Fahamu pia kwamba matoleo mapya, kama lile la Windows 11 la mwaka 2024, hayapendi kumpokea mgeni asiye na nenosiri.

Atatokea mtu mwenye haraka akuambie, "Rudisha SMB ya kwanza, mambo yatakwisha." Naye atakuwa amesema kweli: faili zitaonekana mara moja, na ofisi itakushangilia. Mfungulie mlango huo, ukijua, mnyoo wa Mei 2017. Penye mashine kuukuu ya fotokopi isiyojua lugha nyingine, afadhali itoe kurasa zake katika kijiti cha kumbukumbu, na karani atembee hatua kumi kukichukua, mpaka chama kipate fedha za kununua nyingine.