Sauti Inayorudi: Kujikosoa kwa Waimbaji katika Nchi ya Chai

Mwimbaji anayerudia ubeti mmoja mara kumi, kisha akautupa kwa sababu haumridhishi, anaonekana kama amezaliwa na tabia hiyo. Lakini hata kujikosoa kuna historia yake. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet historia hiyo ni fupi, na hatua zake zinaonekana: wimbo ambao ukishaimbwa umekwenda, kisha gramafoni, kisha kinasa sauti cha mgeni, na mwisho studio ya kurekodi mjini Kericho.

Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, waliimba wakiwa jandoni, harusini na penye pombe, mara nyingi wakiandamana na chepkong'o, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa nyatiti ya Waluo. Kiongozi alianzisha, wenzake wakaitikia. Katika uimbaji wa namna hii kosa halikuwa na pa kukaa. Neno lililosahaulika lilijazwa kwa lingine, sauti iliyoteleza ilifunikwa na kiitikio. Wimbo uliopendeza ulirudiwa kesho yake, na usiopendeza ukafa bila kuombewa msamaha. Haina maana kwamba hapakuwa na ukosoaji. Ulikuwapo, tena mkali, kwa maana mwimbaji aliyewachosha watu aliachwa akiimba peke yake. Ila hukumu hiyo ilitoka kwa watu anaowajua, ilitolewa papo hapo, na ngoma ikiisha nayo imekwisha. Mwimbaji hakurudi nyumbani na kitu cha kukisikiliza usiku na kujiuliza alikosea wapi.

Mashamba makubwa ya chai yalianza katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zikitangulia, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wenyeji. Pamoja na chai ulikuja mshahara, zikaja kambi zilizochanganya vibarua wa makabila mengi, na duka likawa jirani na shamba. Wamisionari nao walikuwa wamejenga vituo, Litein na baadaye Tenwek. Makanisa yao yaliwataka waumini waache ngoma za jadi, na hapo mwimbaji akapata jaji ambaye hakumjua kabla: dhamiri yake mwenyewe. Wimbo uliochezeka vizuri sasa uliweza kumkosesha usingizi aliyeuimba.

Gramafoni ilipita njia hizo hizo za walowezi, wamisionari na askari waliorudi vitani. Miongoni mwa santuri zilizofika zilikuwa za Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyerekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1927 na ambaye alijulikana kwa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni. Rodgers aliugua kifua kikuu. Mei 1933, katika studio ya New York, alikuwa akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo, na siku chache baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 35. Watu wa Kapkatet, katika nchi hii ya chai, hawakuwa na habari za kitanda hicho. Walichokipata ni sauti isiyo na mwili, inayosema neno lile lile kwa namna ile ile kila sindano inapowekwa. Jina lake wakalilainisha kwa ulimi wao likawa Chemirocha.

Hii ndiyo nukta ambayo wengi huipita haraka. Santuri ilileta muziki wa kigeni, na zaidi ya hapo ilileta wazo kwamba wimbo una umbo moja lililokamilika, ambalo uimbaji mwingine wowote unaweza kupimwa nalo. Mtu akishaamini hivyo, kujisuta hakuko mbali.

Ajabu ni kwamba wasichana wa Kapkatet hawakuamini hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekulia kazini Rhodesia ya Kusini na aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alifika Kapkatet na gari lenye mitambo yake. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, inayojulikana zaidi, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, chepkong'o ikilia chini yao kwa mwendo usiobadilika. Haifiki hata dakika mbili. Hakuna juhudi yoyote ya kumwiga Rodgers: gitaa halimo, na ile sauti ya kurukaruka haimo. Walilichukua jina, wakaliweka ndani ya wimbo wa kwao wa kucheza, wakamhimiza mwenye jina acheze mpaka nguo zimvuke. Wanaosikiliza husikia pumzi zao na sauti zisizolingana sawasawa, na ni hizo zinazoupa wimbo uzuri wake.

Aliyewaza sana ni mgeni. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba Chemirocha amegeuzwa kiumbe wa porini, nusu mtu nusu swala. Maelezo hayo yakasafiri na santuri, na kwa miaka mingi wasikilizaji wa Ulaya na Marekani waliusikia wimbo kupitia kwayo, wakiutafutia siri na dini ya kale. Utani wa wasichana ukapewa uzito wa maandiko matakatifu. Tracey mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Alitafuta muziki wa Kiafrika usioguswa na Ulaya na aliona athari za kigeni kuwa uharibifu, lakini moja ya rekodi zake zilizopendwa zaidi ni ya wasichana wanaolichezea jina la mwimbaji wa Marekani. Ni haki kuongeza kwamba sikio lake mara nyingine liliishinda nadharia yake: mwaka 1952, Jadotville nchini Kongo, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, na santuri hizo zikamfanya kijana huyo ajulikane kote Afrika Mashariki.

Wimbo wa Kapkatet ulipata basi njia ya jani la chai, ambalo huchumwa Kericho na kuhukumiwa mezani na muonjaji asiyelijua shamba lake.

Wasichana wale waliponyoka kujisuta; kizazi kilichofuata hakikuponyoka. Baada ya uhuru, A. P. Chandarana, mfanyabiashara wa muziki mjini Kericho, alianza kurekodi na kutoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, kwa Kikipsigis, Kijaluo na lugha nyingine za magharibi mwa Kenya. Gitaa lilikuwa limeshika nafasi ya chepkong'o, na muziki wa benga ulikuwa ukitamba. Hapa mambo yaligeuka. Santuri ndogo ina nafasi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo uliozoea kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka sasa ulipaswa kukatwa, mara nyingi maneno upande wa kwanza na magitaa yakimalizia upande wa pili. Mkanda ukarudishwa nyuma, na mwimbaji akaisikia sauti yake kama wanavyoisikia wengine. Kila aliyewahi kusikia sauti yake kwenye mashine anajua mshtuko huo. Kiitikio cha kumfunika hakipo, fundi anasubiri, muda unahesabiwa, na neno linalosikika ni "rudia".

Kurudia huko kulikuwa na faida yake. Magitaa ya santuri za Kericho yanasukana kwa usahihi ambao hautokani na bahati, na bila masikio yaliyojikosoa usingepatikana. Hasara ni kwamba hukumu ilihama kutoka uwanjani ikaingia kichwani mwa mtu mmoja, ambako haina saa ya kuisha. Santuri iliyotoka na kosa ilibaki na kosa hilo, ikipigwa baa na kwenye matatu.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika muongo wa 2010 ILAM ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, shirika la Tabu Osusa, kuzirudisha kwa jamii zilizorekodiwa, Kapkatet ikiwa mojawapo. Mmoja wa wanaume waliorekodiwa mwaka 1950 alikuwa bado hai, mzee wa zaidi ya miaka 80, na akasikia ujana wake ukiimba. Na yule nusu mtu nusu swala, huenda alikuwa mchezo wa vijana tu.

Jimmie Rodgers hakuwahi kukanyaga Afrika. Wimbo uliolibeba jina lake ulipoimbwa mbele ya maikrofoni Kapkatet, alikuwa amekwisha kufa miaka 17 kabla.