Habari Ziwafikie Popote Walipo

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakulima wengi wa bonde la Rufiji hadi vijiji vya mwinuko. Koo zikatawanyika: huyu yuko Kibiti, yule kabaki delta kwenye mikoko, mwingine anatafuta riziki Dar es Salaam.

Gazeti la ukoo likawa redio.

Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilisoma salamu na matangazo ya vifo. Tangazo lilikuwa na mpangilio wake: jina la marehemu, mahali pa mazishi, kisha ndugu mmoja mmoja na kijiji chake, na mwisho “popote walipo”. Barazani watu walinyamaza, kila mmoja akitega sikio asije akapitwa na jina la kwao.

Barua nazo walipewa wasafiri, zikavuka mto kwa kivuko cha Ndundu mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Leo taarifa za misiba na michango ya harusi hupita WhatsApp, lakini simu ikiharibika kumbukumbu nazo hupotea. Wanaukoo, andikeni majina ya wazee wenu daftarini sasa, wanaoyakumbuka wakiwa bado hai.